Mungu wa Jirani: Visa vya Rameswaram na Simbi Nyaima katika Msamiati wa Uhakiki wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mhindi ni mhusika wa zamani katika fasihi ya Afrika Mashariki. Yumo katika methali, katika masimulizi ya mitaani, katika hadithi fupi na katika riwaya. Na aghalabu anapotokea, hutokea nyuma ya kaunta, mizani ikiwa mkononi na daftari la madeni likiwa mbele yake. Msomaji huelezwa anauza nini, anapunja vipi na anakopesha kwa masharti gani. Ni nadra kuelezwa anamwomba nani. Mhusika huyu ana bei, ana ukali, pengine ana huruma, lakini hana mungu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza upungufu huo. Hoja inayotetewa ni kwamba hautokani na uchache wa habari peke yake, bali unatokana pia na msamiati. Maneno ambayo mhakiki wa Kiswahili huyaendea anapotaka kuzungumzia dini ya Kihindu, yaani miungu, sanamu, mzimu na hija, yamekwisha kubeba hukumu kabla hayajaanza kueleza. Ili kuithibitisha hoja hii, kisa cha mji wa Rameswaram, ulioko katika pwani ya Watamil huko India ya kusini, kitawekwa sambamba na visa viwili vya eneo la ziwa: kile cha Simbi Nyaima katika Homa Bay, na kile cha mlima wa Got Kwer katika Migori. Msomaji anayezingatiwa kwanza ni yule wa Awendo na viunga vyake, ambaye visa hivi viwili vya mwisho ni vya nyumbani kwake, na ambaye Mhindu amekuwa jirani yake wa kazi kwa miaka mingi.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba hakuna dai lolote hapa kuwa visa vya ziwa vilitoka India, au kinyume chake. Ulinganisho ni wa maumbo na kazi za visa, si wa asili yake.

2. Awendo, sukari na jina la Banyani

Awendo ni mji uliokuzwa na miwa. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ijulikanayo zaidi kwa jina la Sony, iliundwa mwaka 1976 na kiwanda chake kikaanza kutoa sukari mwaka 1979. Elimu ya kiwanda cha namna hii ilikuwa na historia ndefu ya Kihindi katika Afrika Mashariki. Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa eneo la Porbandar katika pwani ya Gujarat, alianzisha kiwanda cha Lugazi nchini Uganda mwaka 1924. Muljibhai Madhvani akafuata na kile cha Kakira mwaka 1930. Kampuni za ukoo wa Mehta zilihusika baadaye katika usimamizi wa miaka ya mwanzo ya Sony. Hata neno sukari lenyewe, lililofika katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, lina shina lake katika Kisanskriti, ambamo neno hilo lilimaanisha pia changarawe au punje za mchanga. Mkulima wa Sakwa anayepima miwa yake kwa tani analitaja shina hilo kila siku bila ya kujua.

Kiswahili kimepokea mengi kutoka lugha za India. Gari, bima, hundi, laki na chapati ni maneno ambayo mzungumzaji wa leo hayaoni tena kuwa ya kigeni. Orodha hiyo yafaa kusomwa kama mhakiki asomavyo matini. Ina vyombo vya usafiri, ina fedha, ina hesabu, ina chakula. Haina jina la mungu hata mmoja. Wazungumzaji walipokea kila kilichovuka kaunta, na kilichobaki upande wa pili wa kaunta hawakukipa jina.

Jina la zamani ambalo watu wa pwani walimwita Mhindu linaonyesha jambo lile lile. Banyani ni neno lililotokana na lugha ya Kigujarati, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara. Basi Mwislamu alitajwa kwa dini yake, Mkristo kwa dini yake, na Mhindu akatajwa kwa biashara yake. Methali isemayo "Banyani mbaya, kiatu chake dawa" inahitimisha uhusiano huo kwa maneno matano tu: mtu anakataliwa, kitu chake kinakubaliwa. Wafafanuzi wengi huitumia methali hii kufunza kwamba mtu asidharau msaada unaotoka kwa adui. Tafsiri hiyo ni sahihi kimaadili, ila inapita bila ya kuuliza Banyani amekuwaje mbaya. Ubaya wake umechukuliwa kuwa jambo lililokwisha thibitishwa.

Ukweli ni kwamba mungu alikuwamo dukani muda wote. Katika maduka mengi ya Wahindu wa Kenya, picha ya Ganesha, mwenye kichwa cha ndovu na mwondoa vikwazo, au ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, hutundikwa juu ya rafu za bidhaa. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat wana desturi ya kuvifanyia ibada vitabu vya hesabu wakati wa Diwali, pale mwaka wa biashara unapofunguliwa. Hivyo daftari lile lile ambalo mteja aliliona kama gereza la madeni yake lilikuwa, kwa mwenyeji wa duka, kitu kilichowekwa mbele ya Lakshmi kabla ya kuandikwa mstari wake wa kwanza. Daftari moja lilisomwa kwa njia mbili, na fasihi ikaihifadhi moja. Riwaya ya M. G. Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall (2003), iliingia ndani ya nyumba ya Wahindu wa Kipunjabi nchini Kenya na kuonyesha maisha yaliyoko nyuma ya duka. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na msamiati wa Kiswahili haukuguswa nayo.

3. Rameswaram: mshindi anayetubu

Rameswaram uko katika kisiwa cha Pamban, karibu na ncha ya India inayoelekea Sri Lanka. Daraja la reli lililokiunganisha kisiwa hicho na bara lilifunguliwa mwaka 1914, na daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2025. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat na Punjab, wala si Watamil. Hata hivyo mji huu si mgeni kwao. Ni mmoja wa makao manne makuu ya ibada yanayoizunguka India: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Dwarka magharibi na Rameswaram kusini. Dwarka iko katika pwani ya Gujarat, si mbali na Porbandar alikotoka Mehta. Kwa mtu wa pwani hiyo, Rameswaram ni pembe nyingine ya nyumba ile ile.

Kisa cha mji huu kinatokana na Ramayana. Sita, mke wa Rama, anatekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama, akisaidiwa na jeshi la nyani, anajenga daraja la mawe baharini, anavuka, anamuua Ravana na kumrejesha mkewe. Masimulizi ya mahali penyewe yanaongeza sehemu ambayo Ramayana ya Valmiki haina kwa ukamilifu huo. Yanasema kwamba Ravana, pamoja na uovu wake, alikuwa Brahmani, mtu wa tabaka la makuhani na mjuzi wa maandiko. Kumuua lilikuwa kosa. Rama akataka kumwabudu Shiva ili atakaswe, akamtuma Hanuman kwenda mlima Kailasa kuleta linga, yaani nguzo ya jiwe ambayo ni ishara ya Shiva. Hanuman akachelewa. Saa ya ibada ilipokuwa inapita, Sita akafinyanga linga kwa mchanga wa ufukweni, na ibada ikafanyika. Hanuman alipofika na jiwe lake akahuzunika. Rama akaamuru kwamba linga yake nayo iwekwe, tena iabudiwe kwanza, kabla ya ile ya mchanga. Hekalu la Ramanathaswamy lina linga mbili hadi leo, na utaratibu huo unafuatwa.

Mhakiki anayekichambua kisa hiki ataona mambo matatu.

La kwanza ni dhamira ya toba ya mshindi. Tendi nyingi humwacha shujaa katika kilele cha ushindi. Hapa ushindi ndio unaozaa deni. Adui ameuawa kwa haki, na bado damu yake inadai. Msomaji wa eneo la ziwa hatalishangaa wazo hili, kwani katika mila za Waluo na jirani zao, aliyeua vitani hakuruhusiwa kuingia nyumbani na kula na watu wake kabla ya kutakaswa.

La pili ni uhusiano wa miungu. Rama ni avatara wa Vishnu, yaani Vishnu aliyeshuka katika umbo la binadamu. Na huyu anamsujudia Shiva. Mgeni anayetazama kwa mbali huona kundi la miungu wanaoshindania waumini. Kisa chenyewe kinasema kinyume: mmoja anamwabudu mwingine, na katika tendo hilo mashabiki wa pande zote mbili wanapatanishwa.

La tatu ni hadhi ya mchanga. Jiwe lililotoka mlimani kwa mbio za Hanuman linapewa heshima ya kutangulia, lakini kiini cha hekalu ni kile kilichofinyangwa na mwanamke kwa kitu kilichokuwapo miguuni pake. Desturi ya wanaozuru imekiendeleza kisa hiki. Mtu huoga baharini, kisha humwagiwa maji ya visima 22 vilivyomo ndani ya hekalu, ndipo aende mbele ya mungu. Wako wanaochukua mchanga wa Rameswaram hadi Kashi, wakaumimina katika mto Ganga, na kuleta maji ya Ganga kuiosha linga ya Rameswaram. Kisa kinasomwa kwa miguu. Anayezuru hahitaji kuambiwa kwamba kaskazini na kusini ni nchi moja ya ibada. Ameibeba hoja hiyo katika mfuko na katika chupa.

Isidhaniwe kwamba usomaji huu haukupingwa katika nchi ya Watamil yenyewe. E. V. Ramasamy, aitwaye Periyar, aliisoma Ramayana kama kisa cha watu wa kaskazini kuwatiisha watu wa kusini, akamtetea Ravana, na mwaka 1956 akaongoza uchomaji wa picha za Rama. Insha ya A. K. Ramanujan kuhusu wingi wa Ramayana nayo iliondolewa katika mtaala wa Chuo Kikuu cha Delhi mwaka 2011 baada ya malalamiko. Matini hii, basi, ni hai kiasi cha watu kuigombea. Mhakiki wa Kiswahili anayeiita ngano ya kale na kupita hajaisoma.

4. Simbi Nyaima na Got Kwer: maji yanayokumbuka

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Wanajiolojia hulieleza kuwa ni shimo la volkano. Masimulizi ya Waluo husema kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wake walikuwa katika sherehe ya pombe. Mwanamke mzee, mchovu na mwenye sura ya kuchukiza, akaja kuomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja peke yake akamkaribisha, na mgeni akamwonya aondoke na watu wake. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Grace Ogot alikitungia kisa hiki kitabu kwa Kidholuo kilichotoka mwaka 1983, na uamuzi wake wa kukiandika kwa lugha ya mahali ulikuwa sehemu ya ujumbe wake.

Mgeni huyu ni nani? Kisa hakimtaji kwa jina la mungu. Hana hekalu, hana kuhani. Lakini ana uwezo wa kuhukumu mji mzima, na ameacha alama ya kudumu ardhini. Mafundisho ya Upanishad yanaagiza mgeni apokewe kama mungu. Waswahili wana methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Simbi Nyaima ni upande wa pili wa methali hiyo: mgeni alikuja, mwenyeji akakataa kupona.

Hapa ndipo tofauti ya visa viwili inapofunza zaidi kuliko mfanano. Rameswaram, maji husafisha; mtu huyaingia na kosa, hutoka bila nalo. Simbi, maji hulihifadhi kosa. Yamelala juu ya kijiji na hayajapata kuondoka. Huko kuna kuhani wa kuuongoza utakaso, huku kuna msimulizi tu. Hata hivyo pwani ile nayo ina Simbi yake. Mji wa Dhanushkodi, mwishoni mwa kisiwa cha Pamban, ulifagiliwa na kimbunga cha Desemba 1964, pamoja na gari la moshi lililokuwa na abiria. Magofu yake yanatembelewa na watu wale wale wanaokuja kuoga katika visima 22. Kwa hiyo maji ya upande ule nayo hayakubaki na maana moja.

Got Kwer unaleta suala jingine. Mlima huu wa Migori ni makao matakatifu ya Legio Maria, kanisa lililoanza miongoni mwa Waluo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991, amezikwa huko. Waumini hawamchukulii kama mwalimu tu, bali kama Masiya aliyekuja kwa watu weusi katika umbo lao. Kila mwaka maelfu hupanda mlima huo kwa sala. Mkristo wa kanisa jingine huweza kulikataa dai hili, na si kazi ya mhakiki kuamua. Kazi yake ni kutambua umbo la wazo: wa juu ameshuka, amechukua mwili wa mahali na wa wakati, na mahali alipolala pamekuwa pa kuendewa. Mtoto wa Awendo ambaye nyanya yake hupanda Got Kwer ana njia fupi ya kuielewa avatara kuliko ile ya kamusi, kama mwalimu wake ataitumia.

5. Tatizo la msamiati

Neno mungu lenyewe linasumbua katika wingi wake. Umoja una upatanisho wa viumbe: Mungu amesema. Katika wingi, waandishi hugawanyika: wako wanaoandika miungu wengi, wako wanaoandika miungu mingi, kana kwamba wanaotajwa wakizidi mmoja hugeuka kuwa miti. Tofauti hii ya sarufi si ya bure. Kiswahili kilikomaa katika mazingira ya Uislamu, kikaandikiwa tena katika mazingira ya misheni. Katika yote mawili wingi wa neno hili ulikuwa jina la kosa. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anauonyesha mji ambao watu wake wamegeuka mawe kwa ajili ya ibada isiyo ya haki. Ndani ya mantiki ya hadithi hiyo adhabu inafaa. Nje yake, msomaji amejifunza kwamba penye mawe yanayoabudiwa, waabudio nao ni mawe.

Neno sanamu lina kasoro kama hiyo. Kwa Mhindu, umbo lililochongwa si mungu kwa sababu limechongwa. Huombewa kwa ibada maalumu ili uhai ualikwe ndani yake, na katika baadhi ya sherehe umbo la udongo huagwa na kuzamishwa majini baada ya siku chache. Linapokelewa kama mgeni, na kama mgeni huagwa. Linga ya mchanga ya Sita haieleweki nje ya wazo hili, kwa kuwa mchanga haukuwa na thamani hadi ulipoalikiwa. Neno sanamu, ambalo Kiswahili hulitumia pia kwa kikaragosi cha mtoto, hufuta tendo lote la kualika.

Waluo wanapaswa kuwa wasomaji wepesi wa kulitambua tatizo hili, kwani walilipitia. Bethwell Ogot aliandika mwaka 1961 kuhusu dhana ya jok na ugumu wa kuifasiri. Okot p'Bitek, katika African Religions in Western Scholarship (1970), aliwashutumu wataalamu waliowavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili wakubalike. Katika tafsiri za kidini Nyasaye alipandishwa cheo akawa Mungu wa Biblia, nao juogi wakashushwa, wakawa pepo wachafu. Harakati ya Mumbo, iliyoanza mwaka 1913 kwa Onyango Dunde aliyesema amemezwa na joka wa ziwani na kutapikwa akiwa na ujumbe, ilienea hadi Nyanza ya Kusini na kuandikwa na watawala kama wazimu. Aliyetendewa hivyo na msamiati wa wengine ana sababu ya kuwa mwangalifu na wake.

Kiswahili hakikosi njia. Neno mzimu, kabla ya kudharauliwa, lilimtaja mwenye nguvu na mahali anapopelekewa sadaka kwa pamoja. Ni nadra kupata neno linalokaribia hivyo muungano wa mungu na mahali uliopo Rameswaram. Kuhusu safari, hija ni faradhi yenye mahali pake na masharti yake, na kuikopesha ovyo ni kutowatendea haki Waislamu na Wahindu kwa pamoja. Ziara, inayotumika kwa makaburi ya walii, inasogea karibu zaidi. Tena neno la Kisanskriti kwa mahali pa kuendewa, tirtha, maana yake ya asili ni kivuko. Mwenyeji wa Mbita au Mombasa anajua kivuko ni nini: si mwisho wa safari, bali ni mahali ambapo upande wa pili unafikika. Pale ambapo neno la Kiswahili halitoshi, jina la mwenyewe libaki: Shiva aitwe Shiva, linga iitwe linga, kama Nyasaye alivyobaki Nyasaye.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba kisa cha Rameswaram kina dhamira ambazo msomaji wa eneo la ziwa anazimiliki tayari: utakaso wa aliyeua, mgeni mwenye hukumu, aliyeshuka akachukua mwili, na maji yenye kumbukumbu. Umeonyesha pia kwamba maneno ya kawaida ya uhakiki hulizuia tambuzi hilo lisitokee.

Kenya iliwatambua raia wake wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017. Tangazo la serikali huweza kumpa mtu namba. Haliwezi kumpa nafasi katika hadithi. Nafasi hiyo hutolewa na watunzi, na kulindwa na wahakiki na walimu. Mwalimu wa fasihi simulizi anayefundisha visasili Awendo ana Simbi Nyaima upande mmoja na Got Kwer upande mwingine. Akimwongeza Rama anayetubu ufukweni, wanafunzi wake hawatakuwa wamefundishwa dini ya Kihindu. Watakuwa wamepewa swali ambalo methali ya Banyani haikuwahi kuuliza: mwenye kiatu hicho alikivua mlangoni mwa nani?